Ushuru ni kodi, na kodi ni kazi yenu: barua ya wazi kwa Bunge la Marekani

Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi,
Waheshimiwa Maseneta,

Nawaandikia kuhusu ushuru wa forodha, jambo lililowagawa hata ninyi mnaokaa upande mmoja wa ukumbi. Wapo kati yenu wahafidhina wanaoamini kwamba biashara huria imeiuza nchi. Wapo wanaofuata fikra za walibertari, yaani wale wanaotaka serikali ndogo na uhuru mpana wa mtu binafsi, na kwao kila ushuru ni mkono wa serikali ndani ya mfuko wa raia. Nimeyafuatilia mabishano yenu kwa muda mrefu, hotuba kwa hotuba, na kinachonisumbua ni kwamba mnagombania kitu ambacho hamkishiki tena. Anayekipandisha leo na kukishusha kesho ni Rais, kwa amri yenye sahihi yake peke yake, na ninyi mnapata habari hizo kama tunavyozipata sisi wengine.

Siwaombi mhame kambi. Mimi mwenyewe nina upande ninaouegemea na nitausema bila kuficha. Lakini nadhani kuna deni ambalo kambi zote mbili mnadaiwa, na hakuna hata moja iliyolilipa.

Nianze na walibertari, maana hoja yao inaeleweka haraka. Mtu ana pesa zake za halali. Mwingine, aliye ng'ambo, ana bidhaa yake ya halali. Wamekubaliana bei. Serikali inaingia kwa haki gani hapo katikati na kumwambia mnunuzi kwamba amelipa kidogo mno, aongeze? Na aongeze kwa nani? Hapa ndipo wananchi wengi wanapodanganywa, kwa hiyo tuangalie jinsi mambo yanavyokwenda. Kontena likishuka katika bandari ya Long Beach, anayetoa pesa si mwenye kiwanda kule China. Ni mwagizaji aliyesajiliwa Marekani. Anatafuta namba ya tarakimu kumi ya bidhaa yake kwenye jedwali la ushuru, anajaza hati ya kuingiza mzigo, anazidisha thamani kwa kiwango kilichowekwa, na analipa forodha ya nchi yake mwenyewe. Baada ya hapo atajua la kufanya: ameze hasara, ambane aliyemuuzia ashushe bei, au apandishe bei kwa mteja. Mara nyingi huchanganya yote matatu, ila bili ya kwanza ni yake.

Mnakumbuka mashine za kufulia za mwaka 2018. Ushuru ulianzia asilimia 20 na kufika asilimia 50 kwa mashine zilizozidi idadi iliyowekwa. Wachumi wa Benki Kuu yenu na wa Chuo Kikuu cha Chicago walikaa wakachunguza bei madukani. Mashine za kufulia zilipanda kwa takriban asilimia 12. Mashine za kukaushia, ambazo hazikuguswa na ushuru hata kidogo, nazo zikapanda karibu sawasawa, kwa sababu watu huzinunua mbili kwa pamoja na wauzaji wakaona heri kuligawa ongezeko. Viwanda viliongeza ajira zipatazo 1,800. Walipogawanya gharama waliyobebeshwa wanunuzi kwa ajira hizo, kila ajira moja ilitoka kwa takriban dola 815,000 kwa mwaka. Hakuna fundi wa kiwanda aliyelipwa fedha hizo. Zilitoka kwa mamilioni ya familia, kidogo kidogo, na ndiyo sababu hakuna aliyeandamana.

Sasa wahafidhina. Wapinzani wao wanapenda kuwadharau kana kwamba hawajui hesabu, na huko ni kutowatendea haki. Wanachosema ni kwamba taifa lina mambo ambayo hayaandikwi kwenye risiti. Mji wa Kannapolis, North Carolina, ulijengwa na kiwanda cha taulo na mashuka. Nyumba zilikuwa za kiwanda, mtoto alimfuata baba na mama kazini, na jina la kiwanda ndilo lililokuwa jina la kila kitu. Tarehe 30 Julai 2003 kampuni ya Pillowtex ilifunga milango, na katika siku hiyo moja watu zaidi ya 4,000 wa mji huo na maeneo ya jirani wakakosa kazi. Wengi wao hawakuwa vijana, wala hawakuwa wamemaliza shule ya sekondari, kwa kuwa kiwanda hakikuwahi kuwadai cheti. Bei ya taulo ilishuka nchi nzima. Mnunuzi wa mbali alipata senti zake, lakini senti hizo hazikupita Kannapolis.

Na Kannapolis haukuwa peke yake. Mwaka 2000 Bunge lilipitisha sheria ya kuipa China uhusiano wa kudumu wa kibiashara, na mwaka uliofuata China ikaingia katika Shirika la Biashara Duniani. Ajira za viwandani Marekani zilikuwa kama milioni 17 mwaka 2000. Kufika 2010 zilikuwa chini ya milioni 12. Si zote zilizoondoka kwa sababu ya biashara. Mashine na mdororo wa uchumi vilichukua sehemu kubwa. Lakini mchumi David Autor na wenzake walipofuata wilaya moja baada ya nyingine walikuta kitu ambacho vitabu vya uchumi havikukitarajia. Waliopoteza kazi hawakuhama kwenda kwenye kazi mpya kama ilivyodhaniwa. Walibaki, mishahara ya eneo lao ikadumaa, na wengi wakaishia kuishi kwa malipo ya ulemavu. Makadirio ya kazi zilizopotea kutokana na ushindani wa China kati ya 1999 na 2011 hufika milioni 2 na zaidi. Waswahili husema mwenye kovu usidhani kapoa. Miaka imepita, ila ninyi mliotoka katika majimbo hayo mnajua bado kunauma.

Mimi naegemea biashara huria. Naamini kwamba mtu anayeruhusiwa kununua na kuuza anapotaka ni mtu huru zaidi, na kwamba mataifa yanayotegemeana kwa chakula na vyuma hufikiri mara mbili kabla ya kupigana. Hata hivyo siwezi kumwangalia mfumaji wa Kannapolis usoni na kumwambia kwamba faida ya jumla ya taifa inamtosha. Adam Smith, ambaye kambi ya biashara huria humtaja kila siku, hakusema hivyo. Mwaka 1776 aliandika kwamba ulinzi wa nchi unautangulia utajiri, na kwamba pale ambapo watu wengi wameajiriwa chini ya kinga ya ushuru, kinga hiyo iondolewe polepole na kwa tahadhari, kwa ajili ya utu. Walibertari wengi wanayo nusu ya kwanza ya mafundisho yake. Nusu hii ya pili imesahaulika.

Wahafidhina nao wamelishika neno moja la Smith, ulinzi, wakalivuta mpaka limepoteza umbo. Kifungu cha 232 cha sheria ya biashara ya mwaka 1962 kinamruhusu Rais kuzuia bidhaa zinazohatarisha usalama wa taifa. Ni kifungu chenye maana: nchi isiyoweza kutengeneza chuma cha meli zake za kivita ina tatizo la kweli. Mwaka 2018 kilitumika kuweka asilimia 25 kwa chuma na asilimia 10 kwa alumini, hata kutoka Canada, nchi ambayo majeshi yake yanalinda anga la Amerika Kaskazini pamoja na yenu. Kufika Juni 2025 kiwango kilikuwa kimepandishwa hadi asilimia 50. Oktoba mwaka huohuo kifungu hichohicho cha usalama wa taifa kikawekwa juu ya makabati ya jikoni na makochi. Waheshimiwa, mhafidhina anayeheshimu majeshi anapaswa kuwa wa kwanza kukasirika. Neno usalama likitumika kwa kochi leo, nani atalisikiliza kesho likitajwa kwa jambo la hatari ya kweli?

Hapo ndipo penye deni. Ushuru wa forodha ni kodi. Huwezi kuwa mlibertari ukasahau hilo, na huwezi kuwa mhafidhina wa Kimarekani ukasahau ni nani aliyepewa mamlaka ya kutoza kodi. Katika Tangazo la Uhuru la 1776, miongoni mwa malalamiko dhidi ya Mfalme wa Uingereza, mawili yamekaa mstari mmoja juu ya mwingine: kwamba alikata biashara ya makoloni na dunia nzima, na kwamba aliwatoza kodi bila ridhaa yao. Waasisi wenu waliposhinda vita na kuandika Katiba, wakaweka katika ibara ya kwanza, kifungu cha nane, kwamba Bunge ndilo lenye mamlaka ya kutoza kodi na ushuru na kusimamia biashara na mataifa ya nje. Kifungu kinachotangulia kinasema miswada ya mapato ianzie Baraza la Wawakilishi, kwa wale walio karibu zaidi na wapiga kura. Sheria kuu ya mwanzo kabisa aliyotia sahihi George Washington baada ya ile ya viapo ilikuwa sheria ya ushuru, tarehe 4 Julai 1789. Ilijadiliwa bungeni bidhaa kwa bidhaa, watu wa kaskazini wakivutana na watu wa kusini. Ilikuwa na kasoro nyingi. Lakini Bunge lenyewe ndilo lililoipigia kura.

Najua kwa nini wabunge waliotangulia waliamua kuigawa kazi hiyo. Mwaka 1930 waliifanya wenyewe, na matokeo yalikuwa sheria ya ushuru ya Smoot na Hawley, iliyoanza kama ahadi kwa wakulima ikaisha kama soko la kubadilishana kura: nipe ushuru wa bidhaa yangu nikupe wa bidhaa yako. Wachumi zaidi ya 1,000 walimwomba Rais Hoover asiitie sahihi. Akatia. Canada na wengine wakalipiza, na biashara ya dunia, iliyokuwa tayari inaanguka, ikazidi kuporomoka. Kwa hiyo mwaka 1934 Bunge likamruhusu Rais kujadiliana na nchi nyingine kupunguza ushuru. Uamuzi huo ulikuwa na busara yake. Mamlaka yalitolewa ili kushusha, kwa kipimo na kwa muda.

Tatizo ni yaliyofuata. Ikaja sheria ya biashara ya 1962, ikaja ya 1974, na mwaka 1977 ikaja sheria ya mamlaka ya dharura za kiuchumi za kimataifa. Sheria hii ya mwisho ilikusudiwa kuweka mipaka kwa marais waliokuwa wakiishi kwa dharura zisizokwisha, na imetumika kwa miongo mingi kuwawekea vikwazo maadui. Neno ushuru halimo ndani yake. Hata hivyo mwaka 2025 ndiyo iliyotajwa kuwawekea ushuru Canada, Mexico na China, kisha tarehe 2 Aprili karibu dunia nzima, kwa asilimia 10 ya chini na viwango vikubwa zaidi juu yake. Lesotho, nchi ndogo inayoishi kwa kushona jinzi, ilitangaziwa asilimia 50. Brazil nayo ikatangaziwa asilimia 50, na barua iliyotangaza jambo hilo ililalamikia kesi ya rais wake wa zamani. Sijui mhafidhina gani anaweza kuliita hilo ulinzi wa viwanda.

Kesi zilifunguliwa, zikapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo ilisikiliza hoja Novemba 2025. Wengi wenu mliketi kusubiri majaji. Lakini kazi ya jaji ni kusema sheria iliyopo inaruhusu nini. Haiwezekani jaji awaandikie sheria ambayo ninyi hamkutaka kuiandika, na Rais aliyefungiwa mlango wa 1977 bado ana dirisha la 1962 na la 1974.

Na kuyarudisha mamlaka si rahisi kama kuyatoa. Zamani sheria nyingi ziliacha nafasi ya mabaraza yenu kumzuia Rais kwa kura ya kawaida. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Chadha, ilisema njia hiyo inapingana na Katiba. Tangu hapo, mkitaka kufuta amri ya Rais mnapitisha azimio, yeye analipigia kura ya turufu, na ninyi mnahitaji theluthi mbili katika kila baraza. Yaani nusu na moja ilitosha kumpa, na theluthi mbili za kumnyang'anya hamzipati ila kwa muujiza. Kila mhafidhina anayesema anaogopa serikali kuu iliyovimba aitazame hesabu hiyo.

Seneti angalau ilijaribu. Mwaka 2025 Seneta Rand Paul wa Kentucky, mwenye fikra za kilibertari, aliungana na Seneta Tim Kaine wa Virginia wa chama pinzani, na maazimio ya kufuta dharura ambazo Rais alizitangaza ili kuweka ushuru huo yakapita kwa tofauti ya kura chache: moja juu ya Canada mwezi Aprili, mengine juu ya Brazil, Canada na ushuru wa dunia nzima mwishoni mwa Oktoba. Kisha yakafika Baraza la Wawakilishi, na yaliyotokea huko yananitia uchungu kuyaandika. Sheria ya dharura inasema azimio la aina hiyo lazima lipigiwe kura ndani ya siku kadhaa. Mwezi Machi Baraza lilikuwa tayari limepitisha kanuni kwamba, kwa ajili ya azimio hilo, kila siku iliyosalia katika kikao cha mwaka huo isihesabiwe kuwa siku ya kalenda. Jua lilichomoza na kuzama, mabenki yalifunguliwa, watoto walikwenda shule, ila kwa mujibu wa kanuni zenu hakuna siku iliyopita. Mlifanya hivyo ili msilazimike kupiga kura. Waheshimiwa wa Baraza, ninyi ndio Katiba iliwapa haki ya kuanzisha kila mswada wa mapato. Mmetumia ustadi wa kisheria kuukimbia wajibu ambao mababu zenu walimwaga damu ili muupate.

Msidhani hili ni suala la utaratibu tu. Kodi inayowekwa kwa amri huzaa tabia zake. Ya kwanza ni misamaha. Baada ya ushuru wa chuma wa 2018, kampuni zilifungua maombi zaidi ya laki moja ya kusamehewa, kila moja ikieleza ukubwa na unene na aina ya chuma inachohitaji ambacho hakipatikani nchini. Kampuni kubwa ina wanasheria wa kukaa na fomu hizo na watu wa kuzifuatilia Washington. Karakana yenye mafundi kumi haina. Wote wawili wanalipa kodi moja kwenye karatasi, ila mmoja anajua mlango wa kugonga. Walibertari mna jina la mambo haya, mnayaita upendeleo wa kibepari, na mmeyapinga miaka yote. Wahafidhina mnasema mnamtetea mtu mdogo mwenye biashara yake mtaani. Basi mtu huyo ndiye aliyekosa msamaha.

Tabia ya pili ni kutokufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ulaya iliongeza ushuru wa kuku waliotoka Marekani. Rais Johnson akalipiza, kuanzia Januari 1964, kwa asilimia 25 juu ya wanga wa viazi, brandi, na magari madogo ya mizigo, na lililolengwa zaidi lilikuwa vani ya Volkswagen. Ugomvi wa kuku uliisha. Ushuru wa brandi na wanga uliondolewa. Ule wa magari ya mizigo upo hadi leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, na hakuna Bunge lililoufuta. Tazameni ulikowafikisha watu. Ford, kampuni yenu wenyewe, ilikuwa ikitengeneza vani aina ya Transit Connect Uturuki. Wakati huo gari la abiria lilitozwa asilimia 2.5, la mizigo asilimia 25. Kwa hiyo vani zilisafirishwa zikiwa na viti vya nyuma na madirisha, zikapita forodha kama magari ya abiria, kisha huko Baltimore wafanyakazi waling'oa viti, vikaenda kusagwa, na vani zikauzwa kama za mizigo. Viti vilitengenezwa, vikavuka bahari, vikaharibiwa bila kukaliwa na mtu. Serikali ilishinda kesi ya forodha mwaka 2019, na mwaka 2024 Ford ikakubali kulipa dola milioni 365. Mimi naona kampuni ilikosea, lakini aliyeacha kodi ya kuku ikaishi miongo sita ana lawama kubwa zaidi.

Linganisheni na pikipiki. Mwaka 1983 Harley-Davidson ilikuwa karibu kufa. Ilikwenda mbele ya Tume ya Biashara ya Kimataifa kwa njia iliyowekwa na sheria yenu ya 1974, ushahidi ukasikilizwa hadharani, na Rais Reagan, ambaye kila siku alihubiri biashara huria, akakubali nyongeza ya asilimia 45 kwa pikipiki kubwa kutoka nje, ishuke kila mwaka na kumalizika baada ya miaka mitano. Wajapani waliponyoka kiasi kwa kupunguza injini ikae chini kidogo ya ukubwa uliotajwa, na wachumi wanabishana hadi leo kama ushuru ndio ulioiokoa kampuni. Mimi nadhani viongozi wake na mafundi wake walifanya kazi kubwa kuliko ushuru. Lakini Machi 1987 kampuni yenyewe iliomba ushuru uondolewe kabla ya wakati. Mlibertari angeukataa tangu mwanzo, mhafidhina angeukubali, lakini wote wawili walijua unaanza lini, unaisha lini, na kwa ajili ya nani. Hicho ndicho kipimo ninachokiomba.

Kuna jambo jingine, na nitalisema kwa kifupi kwa kuwa linatuhusu sisi huku. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kupunguza hatua kwa hatua uingizaji wa mitumba ili viwanda vya nguo vipate pumzi. Hoja ilikuwa ileile ya Kannapolis. Chama cha wauza nguo kuukuu wa Marekani kikalalamika, serikali yenu ikaanza kupitia upya nafasi ya nchi hizo katika AGOA, sheria mliyoitunga ninyi mwaka 2000 ya kuruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru, na Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na Julai 2018 ikaondolewa msamaha wa ushuru kwa nguo zake. Ilikuwa mwaka uleule nchi yenu ilipoweka ushuru wa chuma kwa jina la viwanda vya nyumbani. Binafsi sina hakika kama kupiga marufuku mitumba kungewasaidia washonaji wetu kuliko kungewaumiza wanunuzi na wachuuzi. Ila mhafidhina anayeamini kwamba kila taifa lina haki ya kulinda kazi za watu wake hawezi kuiadhibu Rwanda kwa kuamini hivyohivyo. Mwaka 2025, tarehe 30 Septemba, AGOA ikafika mwisho wake bila ninyi kuipigia kura kwa wakati. Viwanda vilivyojengwa kwa kuitegemea sheria hiyo vilijua tarehe hiyo miaka kumi kabla. Ninyi pia mliijua.

Ombi langu, basi. Mwezi Aprili 2025 Seneta Chuck Grassley wa Iowa na Seneta Maria Cantwell wa Washington waliwasilisha mswada unaomtaka Rais alijulishe Bunge ndani ya saa 48 kila anapoweka ushuru mpya, na ushuru huo ufe baada ya siku 60 kama hamkuupigia kura ya kuukubali. Upitisheni, au mwandike ulio bora kuliko huo. Uzuri wake ni kwamba unageuza mzigo: Rais ndiye atakayetafuta kura, badala ya ninyi kutafuta theluthi mbili. Ongezeni humo tarehe ya mwisho kwa kila ushuru, na kila msamaha utangazwe pamoja na jina la aliyeupata na sababu yake.

Kwa wahafidhina nasema: kama mnaamini chuma, dawa au meli vinahitaji kinga, leteni hoja hiyo ukumbini na mpige kura. Huenda mkashinda. Kinga iliyopitishwa na Bunge ina nguvu ambayo amri haina, maana mwekezaji hajengi kiwanda cha miaka 30 kwa kutegemea sahihi inayoweza kufutwa na Rais ajaye, au na Rais huyohuyo wiki ijayo.

Kwa walibertari nasema jambo ambalo hamtalipenda. Tangu 1962, enzi za Kennedy, kulikuwa na mpango wa kuwasaidia wafanyakazi waliopoteza kazi kwa sababu ya biashara ya nje: mafunzo, posho, nauli ya kuhamia penye kazi. Ulikuwa mdogo na wenye urasimu mwingi, na mara nyingi ulimfikia mtu akiwa ameshakata tamaa. Tarehe 1 Julai 2022 muda wake uliisha, na tangu siku hiyo hakuna ombi jipya linalokubaliwa. Mnasema ni matumizi ya serikali, nanyi mnataka serikali ndogo. Lakini kila mji mliouacha bila msaada ulikwenda kumtafuta mtu wa kuahidi ushuru, na ulimpata. Ufufueni mpango huo katika mswada huohuo, mwurekebishe, fedha zimfikie mfanyakazi mwenyewe mkononi ndani ya wiki chache za kufungwa kwa kiwanda, achague mwenyewe mafunzo au safari au mtaji. Fedha za mkononi na uchaguzi wa mtu binafsi ni mambo yenu. Yapiganieni.

Na ninyi wa Baraza la Wawakilishi, kabla ya yote hayo, apishwe Spika yeyote atakayekuja, shikeni kwamba siku ni siku katika kanuni zenu zote, na kura juu ya ushuru ipigwe kwa kuita majina, tujue nani alisema ndiyo na nani alisema hapana.

Wenu kwa heshima,

Msomaji na mfuatiliaji wa mijadala yenu, kutoka Afrika Mashariki